Kwale Wenye Sauti ya Tumpe

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka mlimani, unameza viazi tuta kwa tuta, niliposikia mwanamume akiita kutoka upande wa barabara.

"Kitendawili!"

Na kwenye majani marefu ya ukingo wa shamba langu, binti yangu akajibu.

"Tega!"

Nikasimama na jembe mkononi. Kilichonishtua si binti yangu. Sauti yake nilikuwa nimeizoea, ilinijibu kila jioni kutoka mle majanini, ingawa Tumpe mwenyewe tulimzika mwaka juzi nyuma ya kanisa, mvua ikitupiga migongoni. Kilichonishtua ni huyo mwanamume. Watu wa kwetu hawapiti barabara ile jua likielekea kuzama. Wanasema shamba langu, shamba la Bibi Subilaga, lina mzimu, na watoto wakitumwa dukani huzunguka kote kule chini hata kama chumvi inangojwa jikoni. Sasa huyu ni nani asiyeogopa mzimu, tena anautegea vitendawili?

"Kitendawili!" akaita tena, karibu zaidi.

"Tega!" akajibu Tumpe. "Tega!" akajibu Tumpe mwingine, hatua chache kushoto. Na mwingine, na mwingine, wote kwa sauti ileile, wote wakimalizia na kale kacheko kadogo alikokuwa nako. Majani yakatikisika. Halafu sauti moja ikakatika katikati ya neno, kama redio iliyochomolewa waya.

"Nani huko?" nikapaza sauti.

Niliona mgongo wa koti ukiingia ukunguni, na kitu kikining'inia mkononi.

Usinidhanie nina wazimu. Waliokuwa wakijibu ni kwale. Kwale wa kawaida kwa kumtazama, miguu myekundu, mgongo wa rangi ya udongo, ndege anayependa kukimbia kuliko kuruka. Nilipokuwa msichana walijaa kwenye ngano zetu, tukiwafukuza kwa makopo. Kisha zikaja trekta zinazolima mpaka mlangoni pa mtu, na dawa zinazonyunyizwa na vindege vya plastiki usiku na mchana, na watu wakafyeka kila jani lisilouzwa. Siku moja tukaamka tukakuta asubuhi haina sauti. Hatukuhuzunika wakati ule, ukweli usemwe. Tulihuzunika viwavi walipokula viazi vyote mpaka mashina, na dawa ikawa kwao kama maji ya kunywa.

Ndipo ikaja Sheria ya Ukingo. Kila mwenye shamba aache ukanda wa majani pembeni, asiulime, asiunyunyizie, mabua ya ngano ayaache yasimame mpaka vifaranga viweze kukimbia. Na katikati ya shamba kikasimikwa mlingoti wenye sikio, unaosikiliza kama kuna ndege. Mimi niliacha ukingo mpana kuliko walivyodai. Jirani yangu Angetile akanitania mbele ya watu kwenye foleni ya bomba, "Mama Tumpe, shamba lako limeota ndevu! Litafutie kinyozi!"

Lakini ukingo bila ndege ni majani tu. Ndege wenyewe ilibidi watengenezwe.

Kituo kilikuwa kule bondeni, majengo meupe yasiyo na madirisha. Walimpata kwale wa kwanza kutoka kwenye manyoya yaliyohifadhiwa makumbusho miaka mingi. Mwili waliupata. Mlio hawakuupata. Kwale wa zamani alizaliwa na mlio wake kama mtu anavyozaliwa na kucha, hawa walitotolewa mabubu. Na kwale bubu hampati mwenzake majanini. Basi wale mabingwa wakachukua kitu kidogo kutoka kwa kwezi, ndege anayeiga kila anachosikia, wakakipandikiza ndani ya yai. Wakakiita koo linalojifunza. Kilichobaki ni kulifundisha.

Walezi walivikwa shuka la kijivu mpaka usoni, wakakatazwa kutoa neno, huku sanduku ukutani likipiga mlio wa kwale wa enzi zile. Tumpe alikuwa mlezi. Lakini Tumpe alikuwa mwanangu, na kwangu hakuna aliyewahi kulishwa kimya. Nilimkuza kwa vitendawili, kijiko kimoja kitendawili kimoja, hapati kingine mpaka ajibu. Ngoja nikutegee na wewe: nilijengewa nyumba bila fundi, nikaivunja kwa pua, na mwenye nyumba akafurahi. Umekwama? Kifaranga ndani ya yai. Hicho alikitunga yeye akiwa ameng'oka meno ya mbele.

Kwa hiyo msimamizi alipotoka, Tumpe alifunua shuka, akachota punje kiganjani, akawaambia, "Kitendawili!" Na kwa kuwa hakuna wa kumwitikia, akajiitikia mwenyewe, "Tega!" Ndipo akawalisha. Vifaranga vilikuwa na vitu viwili vya kuchagua, sanduku linalolia na mdomo unaopumua. Vikachagua mdomo.

Walipogundua, ilikuwa imechelewa. Na jambo la ajabu, vifaranga vya walezi walionyamaza vilisinyaa kimoja kimoja, vya Tumpe vikanenepa. Homa ya mapafu ilipopita bondeni ikamchukua mlezi, ikawaacha ndege wake. Kituo hakikuwa na wengine. Wakawaleta kwenye ukingo wangu, wakawafungulia sanduku, na wakati nikiwa bado nimevaa kitambaa cheusi, mwanangu akatoka mbio majanini kwa miguu mingi myekundu akiniuliza, "Umekula? Umekula wewe?"

*

Asubuhi baada ya yule mtu wa koti, niliingia ukingoni. Si ruhusa msimu wa mayai. Mwenye shamba haingii hata kofia yake ikipeperushiwa humo. Lakini niliingia, nikipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga, na sikwenda mbali. Mitego ilikuwa imepangwa kwenye vijia vyao, vitanzi vya waya mwembamba, na ndani ya kimoja kulikuwa na jike bado hai.

Waya ulikuwa umeingia shingoni. Nilipiga magoti nikaanza kuulegeza. Akanitazama kwa jicho moja, duara, lisilopepesa.

"Umekula?" akaniuliza.

Sauti ilikuwa ya Tumpe akiwa amekabwa. Sina namna nyingine ya kuisema.

"Nimekula, mama," nikamwambia. "Tulia."

"Umekula wewe?"

Akafa kabla sijautoa waya. Nilimfunga kwenye kanga nikatoka, na majani yote kulia na kushoto yakawa yanacheka kile kicheko kidogo, maana waliniona, na kuniona mimi kwao kulikuwa furaha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Ambele, mume wa Angetile, mwindaji anayejulikana kijiji kizima. Nilimkuta nyuma ya nyumba, beseni la maji moto miguuni, manyoya ya rangi ya udongo yamemganda mpaka kwenye viwiko.

"Mama Tumpe! Karibu, karibu kiti."

"Sikai. Jana jioni ulipita barabarani kwangu?"

"Barabara ni ya serikali, mama."

"Ukategea vitendawili."

Akacheka, kisha akaona kanga yangu na kilichomo, kicheko kikamwishia. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama, tusifichane. Nimewinda tangu sijui kufunga vifungo. Sungura, ndezi, panya buku. Nyama yote duniani hukimbia. Hii yako inaitika. Nikiita, inaitika, tena kwa adabu, na inakuja yenyewe kwenye waya. Sasa nifanyeje? Niikatae?"

"Ile ni sauti ya mwanangu, Ambele."

"Najua." Akainamisha kichwa. "Nilisoma naye darasa moja. Nikienda kuwatoa kwenye mitego naweka pamba masikioni. Uliza mke wangu."

"Kweli anaweka," Angetile akasema kutoka jikoni, bila utani safari hii. "Na akirudi halali vizuri."

"Basi acha."

"Mimi nitaacha. Nitaacha leo hii. Lakini vijana wa mjini wameshalijua neno. Wanakuja na pikipiki zisizo na mlio, wanaita, wanaokota, wanaondoka. Utamzuia nani? Hata yule mtoto wa dukani anajua: unasema kitendawili, unapata mboga."

Nilitaka kumtukana. Tusi lilikuwa mdomoni tayari. Lakini alikuwa amesema kweli, na tusi halizuii pikipiki.

*

Kesho yake kituo kilimtuma Kabula. Msichana mrefu wa Usukumani, mpole wa maneno, gari lake la umeme likafika uani bila mimi kusikia kitu, mpaka kuku walipotawanyika. Sikio la mlingoti lilikuwa limemwambia kila kitu kabla yangu: sauti zilizokuwa ukingoni wakati wa kiangazi, na zilizobaki sasa. Zilizobaki hazikufika nusu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwachukua?"

"Hakuna pa kuwapeleka. Ukingo wako ndio pekee wanapotaga." Alikaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. "Nimekuja kuwafundisha kunyamaza."

Mkwe wangu Lugano alikuwa akimenya viazi kando ya mlango. Mume wa Tumpe. Tangu mazishi alikuwa hajarudi kwao. Dada zake walipiga simu kila Jumapili kumwambia nyumba yake inavuja, shamba lake limekuwa pori, na kuna mwalimu mmoja wa chekechea ambaye hana mtu. Alijibu, nakuja. Jioni alibeba kiti akaketi ukingoni mpaka giza. Aliposikia neno kunyamaza, kisu kikasimama.

Kabula akafungua begi, akatoa mwewe. Alikuwa amekunjwa kama mwavuli. Alipomkunjua mezani alikuwa na mbawa za kitambaa, kucha za mpira, na macho mawili ya kioo cha njano, na ingawa niliona betri yake kwa macho yangu, nywele za mikononi zilinisimama.

"Atakaa juu ya mlingoti," alisema. "Mtu ataita. Ndege wakijibu, mwewe anashuka juu yao. Hawaumizi, anawagusa tu. Wakijibu tena, anashuka tena. Mpaka wajue kwamba kumjibu binadamu ni kifo."

"Na wao kwa wao?"

"Wao kwa wao wataongea wanavyotaka, Bibi, huko ndani ya majani ambako hakuna mtu. Watoto wao watajifunza. Ila wewe hutasikia. Sisi sote hatutasikia. Sikio la mlingoti nalo tutaling'oa, maana vijana wamegundua namna ya kulisikiliza kwa simu."

Lugano akasimama, maganda yakamwagika.

"Unajua jana wamesema nini?" alimuuliza Kabula. "Jana mmoja amesema, 'Lugano atanuna.' Hivyo. 'Lugano atanuna nikichelewa.' Miaka miwili nakaa pale, sijawahi kulisikia hilo neno. Mke wangu alikuwa akinisema mimi kwa vifaranga! Bado yamo mengine. Kila wiki wanatoa jipya. Wewe unataka kuyazika na yenyewe?"

"Unaweza kuyarekodi, kaka."

"Ninayo kwenye simu. Kwenye simu anasema yaleyale. Pale anasema mapya." Akanigeukia. "Mama, mwambie. Ukingo ni wako. Bila alama ya kidole chako hawezi kugusa jani."

Ilikuwa kweli, sheria ndivyo ilivyosema. Mwenye shamba ndiye mlinzi. Nilimtazama mkwe wangu, mashavu yaliyobonyea, viatu vyenye tope la ukingoni ambalo halikaukagi. Nami sikuwa bora kuliko yeye. Kila jioni nilikuwa nikitoka na punje kwenye kiganja nikimwambia Mungu ni za ndege.

"Nani ataita?" nikamuuliza Kabula. "Wewe?"

Aliangalia mikono yake.

"Hawajibu sanduku. Nami wakiniogopa, watakuwa wamemwogopa mgeni, wataendelea kumjibu mwenyeji na yeyote anayefanana naye. Lazima aite yule wanayemwamini kuliko wote. Wakimwogopa huyo, hawatamjibu mtu yeyote."

Hakunitaja. Hakuwa na haja. Tumpe alichukua sauti yake kwangu.

"Subiri basi wataalamu wapate njia nyingine," Lugano akasema. "Mwezi mmoja tu, mama."

Nilikwenda nikafunua kanga pale kwenye rafu, nikamwekea mezani yule jike, karibu na mwewe. Shingo ilikuwa imekaa vibaya.

"Huyu aliniuliza kama nimekula," nikamwambia. "Mwezi mmoja ni wangapi kama huyu?"

Alichukua kiti chake akatoka nacho.

*

Jioni ya kwanza nilivaa buti na kitenge kizito, nikasimama mahali ninaposimama siku zote, penye kilima kidogo cha mchwa. Kabula alijificha nyuma ya matuta. Mwewe alikuwa juu ya mlingoti, kichwa chini, ukungu ukimpita machoni. Kwenye mfuko wangu nilikuwa na kidude chenye kitufe kimoja.

"Kitendawili," nikasema. Sikupaza. Hapakuwa na haja.

"Tega! Tega! Tega!"

Walikuja wakikimbia, shingo zimenyooka, vifaranga vya msimu huu nyuma yao kama mipira inayoviringika. Na vile vifaranga, ambavyo havikuwahi kumwona Tumpe wala kituo, vilisema pia, kwa sauti yake akiwa mdogo, nyembamba, yenye kithembe alichokuwa nacho kabla ya shule. Sijui walikitoa wapi kile kithembe. Kabula naye hajui.

Nikabonyeza.

Kivuli kilishuka bila mlio. Mbawa zilifungua ukungu kama mtu anavyopasua kitambaa, na pale miguuni pangu, palipokuwa pamejaa, pakabaki manyoya mawili na majani yanayotetemeka. Hawakusema neno. Walilia kama ndege, mara yangu ya kwanza kuwasikia wakilia kama ndege.

Nilidhani hiyo ndiyo ngumu.

Jioni iliyofuata walisita. Waliotoka walikuwa wachache, na walijibu wakiwa wameinama. Nikabonyeza. Jioni nyingine tena, nikaita mara mbili, mara tatu, mpaka ikaja sauti moja ya woga kutoka ndani, "Tega?" kama mtoto anayechungulia chumba chenye giza. Nikabonyeza.

Jioni ya baada ya hapo Lugano alikuja kusimama kwenye waya wa mpaka. Nikaita. Jogoo mmoja mzee akatoka, yule ninayemjua kwa kucha moja iliyovunjika. Huyo, Tumpe alimlea ndani ya gauni lake kwa kuwa alitotolewa dhaifu. Akasimama mbele yangu akaniangalia kwa upande.

"Tega," akasema.

Mwewe akashuka. Jogoo aliruka pembeni, na badala ya kukimbilia majanini alikimbilia kwangu. Akaingia chini ya kitenge. Nilimhisi kwenye kifundo cha mguu, moyo wake unapiga kama mashine ya cherehani, manyoya yamelowa. Na kutoka chini ya nguo yangu sauti ya mwanangu ikatoka, ya hofu, ya mtu mzima:

"Mama yangu! Mama yangu weee!"

Kidude kikaniponyoka topeni.

"Umesikia!" Lugano alikuwa ameshavuka waya. "Mama, umesikia? Anakuita! Anakuita wewe!"

Kabula alikuja akikimbia upande wa pili. "Bibi, si kuita. Vifaranga walipomdonoa Tumpe, alikuwa anasema hivyo. Wamelijua kama neno la kushtuka, basi."

"Najua," nikasema. "Mimi ndiye niliyemzaa. Najua akichomwa na mwiba husema nini."

"Usimfiche, Bibi. Nakuomba. Ukimficha sasa, umewafundisha kinyume. Wote wanatazama."

Nikatazama majani. Kweli walikuwa wakitazama. Kati ya shina na shina kulikuwa na macho, duara, hayapepesi, pande zote za ule ukingo nilioupalilia kwa kutoupalilia. Walikuwa wakingoja kujua kama chini ya kitenge changu kuna usalama.

"Mama yangu," akasema jogoo, taratibu sasa, maana alikuwa ameanza kutulia. Aliegemeza kichwa kwenye buti langu.

Lugano akapiga magoti. "Mwache, mama. Huyu mmoja tu. Tutamfuga ndani. Huyu mmoja hawezi kudhuru."

Na mimi nilitaka. Acha nisijipambe. Nilimwona tayari ndani ya nyumba, juu ya mfuko wa mahindi, akiniuliza kila asubuhi kama nimekula, na mimi nikimjibu mpaka nife. Nikaona pia wale wengine wakijua kwamba jogoo wao aliingia kwa mtu akapona. Nikaona mwanamume wa koti, na wa pikipiki, na mtoto wa dukani, kila mmoja akinyoosha kiganja chenye punje.

Nikavuta kitenge kiunoni nikakifungua. Baridi ikanipiga miguuni. Jogoo alibaki wazi, amechanganyikiwa, akaninyanyulia jicho.

Nikampiga nacho.

Nilimpiga kwa kitambaa kizima, kilicholowa ukungu, huku nikipiga kelele kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mtoto wangu hata siku alipounguza nyumba ya kuku. "Toka! Toka hapa! Toka!" Alipinduka, akainuka, akaja tena kwangu, maskini, akidhani nimekosea. Nikampiga tena. Safari ile ya pili alielewa. Akakimbia, bawa moja likiburutika, hakusema kitu, na majani yakafunga nyuma yake.

Nilikuwa nimesimama na gagulo mbele ya mkwe wangu, aibu ambayo kwa kawaida ingeniua. Lugano hakuwa akinitazama. Alikuwa amegeuza uso kabisa, mikono masikioni kama mtu anayepita karibu na mashine ya kusaga.

*

Baada ya hapo sikuhitaji tena mwewe. Kabula alimkunja, akang'oa sikio la mlingoti, akaniacha na namba yake na mfuko wa mbegu za majani. Niliendelea kuita kila jioni, kwa kuwa alisema woga wa ndege usipokumbushwa hupoa.

Vijana wa pikipiki walikuja. Waliita kitendawili mpaka wakakauka koo, wakabishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akasema bibi amewala wote, wakaondoka. Ambele alipita nyuma yao akiwa ameshika kofia mkononi. Hakuita. Alisimama kidogo tu, kisha akanipungia.

Lugano alikuwa amefunga begi lake. Dada yake angekuja kumchukua kesho yake, na bati mpya za nyumba zilikuwa tayari zimepakiwa kwenye gari. Tangu jioni ile ya kitenge alikuwa akinisalimia vizuri, akanichotea maji, na hakuwa ameniangalia usoni. Jioni ya mwisho hakubeba kiti. Alibaki jikoni akichochea moto.

Nilitoka peke yangu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona matuta, nilikwenda kwa kuyajua. Nikasimama.

"Kitendawili," nikasema.

Hakuna.

"Kitendawili."

Maji yalidondoka kutoka kwenye jani moja kwenda jingine. Mbele yangu kabisa, karibu kiasi kwamba ningeinama ningeshika, bua moja la ngano ya zamani lilikuwa limepinda kwa uzito wa kitu, na chini yake kulikuwa na duara jeusi linalong'aa. Jicho. Na pembeni yake jingine. Kadiri nilivyozidi kutazama ndivyo yalivyozidi kuwa mengi, mpaka mwisho wa ninapoweza kuona, yote yamenielekea, na hakuna hata moja lililopepesa.

Nikarudi nyuma taratibu. Nilipofika kwenye mlango wa jikoni nilisikia kitu kule nyuma, mbali ndani ya majani, minong'ono, mtu akimwambia mtu jambo kwa haraka kabla ya kulala. Nikageuka. Kikakoma.

Lugano aliinua uso kutoka motoni. Kwa mara ya kwanza akaniangalia.

"Wamejibu?"

"Hapana."

Akasukuma kuni ndani. "Wapo lakini?"

Nilivua buti, nikaliweka kando ya lingine.

"Wapo," nikamwambia. "Wananiogopa."